Taka Zako Zimeishia Wapi?

(Haya ni maneno ya mazungumzo na vijana, Mombasa, baada ya swala ya Alasiri. Tumeyaweka karibu kama yalivyosemwa, tumepunguza marudio tu.)



Vijana wenzangu, ndugu zangu na dada zangu, sogeeni karibu. Walio kule nyuma njooni mbele, nafasi ipo. Najua wengi wenu mlipoambiwa leo tutazungumza habari za taka, moyo ulishuka kidogo. Kuna kijana amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Kaka, vijana hawana vitambulisho, vijana hawana kazi, na wewe waja kutuambia mambo ya mapipa?" Swali zuri. Naliweka hapa mezani, na tukimaliza mtaamua wenyewe kama nimelijibu au nimelikwepa.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mtaa wetu uko hapa kisiwani, upande wa maji. Njia ni nyembamba, lori haliingii. Kwa hivyo miaka michache iliyopita, nyumba kumi na mbili tulikaa tukakubaliana: kila nyumba itoe shilingi 50 kwa wiki, tumpe mzee mmoja mwenye mkokoteni atuondolee taka. Mweka hazina nilikuwa mimi. Kila Jumamosi nakusanya pesa, mzee akusanya taka, mtaa wang'aa. Tulijisifu sana. Wageni wakija twawaambia, "Mwaona? Sisi hatungoji serikali."

Siku moja maji yamekupwa sana, nikashuka ufuoni. Nikapita kwenye mikoko. Jamani, mizizi ya mikoko haionekani. Nepi, chupa, maganda ya nazi yaliyooza, magunia yamefungwa vizuri kabisa. Nikaanza kulaani: watu gani hawa, hawana haya, wachafuzi wakubwa! Kisha nikaona daftari. Limelowa, lakini jina lasomeka. Jina la mtoto wangu. Daftari lake la hesabu la mwaka uliopita.

Yale magunia yalikuwa yetu. Nimesimama hapo kwenye tope nikiwalaani wachafuzi, na mchafuzi ni mimi. Tena ni mchafuzi aliyelipa pesa.

Jumamosi ile nikamngoja mzee. Nikamwamkia, nikamuuliza kwa adabu, "Ami, zile taka zetu wazipeleka wapi?" Hakukasirika. Aliweka mkokoteni chini, akapangusa jasho, akaniambia: "Mwanangu, mwanilipa hamsini hamsini niziondoe mlangoni kwenu. Nimeziondoa. Mkokoteni huu wafika Mwakirunge?"

Nikakosa jibu. Halafu akaongeza neno moja ambalo mpaka leo halijanitoka: "Mwaka mzima huu, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Hilo ndilo somo letu la leo, mengine yote ni maelezo. Nyumba kumi na mbili, watu wazima, wenye kusali na kufunga, mwaka mzima, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: zimeishia wapi?

Ndugu zangu, sisi twasema "nimetupa taka". Si kweli. Taka hazitupwi, taka huhamishwa. Ukiziondoa kwako, ziko kwa mtu mwingine. Swali ni huyo mtu ni nani, na nani alimuuliza kama akubali.

Angalieni mji wetu. Kaunti ya Mombasa ndiyo ndogo kuliko zote Kenya kwa ardhi, kama kilomita 220 za mraba hivi. Sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 1,208,333. Na maji yametuzunguka. Kaunti nyingine waweza kupeleka taka mbali, porini, ukasahau. Sisi hatuna huko mbali. Kila mahali unapopaita "kule" pana mtu analala.

Wengi wenu mwaikumbuka Kibarani. Ukitoka kisiwani kupitia Makupa uende Changamwe, matatu yote yafunga madirisha. Jaa kubwa ukingoni mwa bahari, moshi, kunguru, na watoto wakichokora. Mgeni anayeingia Mombasa kwa barabara, kitu cha kwanza kumkaribisha kilikuwa ile harufu. Jaa likafungwa, pakapandwa nyasi na miti, leo watu huenda kupiga picha. Alhamdulillahi, ni jambo jema, na anayestahili kusifiwa asifiwe.

Lakini zile taka hazikuyeyuka. Ziliambiwa ziende Mwakirunge, kule Kisauni. Na Mwakirunge si jangwa. Kuna nyumba, kuna mashamba, kuna watoto wanaokwenda shule asubuhi kama wako. Mvua ikinyesha, maji yanayopita kwenye jaa yaingia ardhini. Taka zikishika moto, moshi hauchagui pua. Sisi wa kisiwani tulipata bustani, wenzetu wakapata lori moja zaidi. Mimi sisemi Kibarani ingebaki. Nasema ukifurahia bustani, mkumbuke na aliyeilipia.

Sasa twende kwenye sheria, kwa sababu hapa wengi wetu tumelala.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 42, yasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Kila mtu. Si wa Nyali peke yake. Na mtoto wa Mwakirunge yumo, na yule aliyezaliwa jirani na mikoko yumo.

Je, ni nani wa kuitekeleza? Fungueni Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kazi za kaunti. Chini ya huduma za afya, imeandikwa wazi: uondoaji wa taka na majaa ya taka ni kazi ya kaunti. Angalieni imewekwa wapi. Imewekwa kwenye afya, pamoja na zahanati na ambulensi. Walioandika katiba walijua kwamba mtaro ulioziba na kipindupindu ni ndugu. Kwa hivyo gari la taka likija mtaani kwako halijakuletea zawadi ya mwanasiasa. Na lisipokuja, usiende kuomba kama unayeomba sadaka. Nenda kama mwenye haki.

Kifungu cha 70 nacho chasema ukiona haki hiyo yavunjwa, au yaelekea kuvunjwa, waweza kwenda mahakamani. Na huhitaji kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara au umeumia. Yaani huna haja ya kungoja mtoto augue ndipo upate la kusema.

Lakini kuna Kifungu cha 69 pia, na hiki hatukipendi sana kukisoma, kwa sababu chatugeukia sisi. Chasema kila mtu ana wajibu wa kushirikiana na serikali na watu wengine kulinda mazingira. Haki na wajibu vimewekwa sahani moja. Huwezi kula nyama ukaacha mchuzi.

Tena kuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Hii yataka taka zitenganishwe pale pale zinapotoka: zinazooza upande wake, zisizooza upande wake. Yaitaka kaunti iwe na vituo vya kuchambua taka, ili jaa lipelekewe mabaki tu. Na yamtwika mwenye kutengeneza bidhaa jukumu la kufuatilia kile anachouza mpaka mwisho wake. Sheria ipo, nzuri tu, tunayo mkononi. Ulizeni jirani zenu wangapi wameisikia.

Na msiseme sheria za Kenya ni karatasi tu. Mnakumbuka tarehe 28 Agosti 2017? Siku ile mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku. Faini ya kuanzia milioni mbili mpaka milioni nne, au jela mwaka mmoja mpaka minne. Watu walicheka, wakasema haiwezekani, nyanya tutabebea nini. Leo mama anakwenda sokoni na kikapu chake, na mtoto wa miaka minane hajui kwamba zamani kila mti wa barabarani ulikuwa umevaa nailoni. Haikumaliza plastiki yote, sawa. Lakini ilituonyesha kwamba tabia ya nchi nzima yaweza kubadilika.

Basi tufuate taka zetu hatua kwa hatua, tuone zakatikia wapi.

Hatua ya kwanza ni jikoni. Hapa ndipo kila kitu huchanganyika. Ganda la ndizi, mabaki ya pilau, chupa ya maji, betri, nepi, vyote ndoo moja. Ukishachanganya, umeharibu vyote. Chupa ambayo mtu angeinunua imepakwa mchuzi, na ganda ambalo lingekuwa mbolea limechomwa kipande cha chupa.

Hatua ya pili ni kutoka mlangoni mpaka mahali rasmi pa kukusanyia. Kwetu sisi kamba ilikatikia hapa. Huyu mwenye mkokoteni ndiye aliyebeba mzigo mzito kwa malipo madogo kuliko wote, na taka zikionekana ufuoni ndiye wa kwanza kutukanwa.

Hatua ya tatu ni lori, kutoka pale pa kukusanyia mpaka jaani. Lori lahitaji mafuta, dereva, vipuri. Hiyo ni bajeti. Pesa isipopangwa, lori halitembei, hata kiongozi awe na nia njema vipi.

Hatua ya nne ni jaa lenyewe. Je, taka zafunikwa kwa udongo au zaachwa wazi? Kuna uzio? Zachambuliwa au zamwagwa tu?

Ukizijua hatua hizi, malalamiko yako yapata anwani. Badala ya kusema "mji mchafu", utasema "pale pa kukusanyia taka mtaani kwetu hapajazolewa tangu Jumatatu". La kwanza mtu aweza kulipuuza. La pili lahitaji jibu.

Mtaniuliza, sisi tulifanya nini baada ya lile daftari? Niwaambie ukweli, tusipambe.

Kwanza tuliitana. Kikao kilikuwa kigumu. Kuna aliyesema tumfukuze mzee. Mama mmoja wa makamo, jirani yangu, ndiye aliyetunyamazisha. Alisema, "Mkimfukuza mtaleta mwingine, naye atakwenda kule kule. Hamkununua kazi, mlinunua macho yasione." Hapo kila mtu akatazama chini.

Tukaulizia mahali rasmi pa kukusanyia palipo karibu. Kumbe pako, mwendo wa kama nusu saa kwa mkokoteni, na kuna mlima. Tukamuuliza mzee kiasi gani kitamtosha kufika huko. Akasema mia kwa nyumba, na apate glavu na viatu vya mpira. Nyumba mbili zikajitoa, zikasema ni ghali. Kumi zikabaki.

Halafu tukaanza kutenganisha. Ndoo mbili, basi. Moja ya vinavyooza, moja ya vikavu. Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho, watoto ndio walioelewa haraka, wazee tukawa tunakosea. Lakini jambo moja lilitushangaza. Ndoo ya vinavyooza ndiyo iliyojaa kila siku. Na hivi ndivyo ilivyo miji yetu yote ya Kenya: zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni vitu vinavyooza. Maganda, mabaki ya chakula, majani. Maana yake mzee alikuwa akisukuma mlima mzima wa maganda na maji. Jirani mmoja ana kuku na mbuzi, maganda safi yakaenda kwake. Mengine twachimbia kwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba, twafunika kwa udongo na majani makavu. Mzigo wa mkokoteni ukapungua, na harufu ikapungua. Sababu ni nyepesi: kinachonuka na kuita nzi ni kile kinachooza.

Chupa na vyuma, kuna vijana wanaokuja kununua kwa kilo. Na hapa nasema neno kwa ajili yao. Sisi huwaita machokora. Twafunga mlango tukiwaona, twawashuku wizi. Wakati huo huo wao ndio wanaookota jaani kile ambacho sisi tumeshindwa kukitenga jikoni. Wanaokota kwa mikono mitupu, kwenye vioo na sindano. Mtu anayekufanyia kazi ya namna hiyo, angalau msalimie. Na chupa yako mpe ikiwa safi, asilazimike kuichimbua kwenye nepi.

Mikoko haijasafishika yote. Tumeingia mara tatu na magunia, bado imebaki mingi ya miaka ya nyuma. Zile nyumba mbili hazijarudi. Na kuna ofisi moja tuliyoandikia barua kuomba ratiba ya kuzoa taka, barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili tuliitaja katiba, Kifungu cha 35, haki ya kupata habari, tukaomba na muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Hiyo ikajibiwa. Sikufundishi ujanja hapa. Nakuambia tu karatasi yenye muhuri ina sauti kuliko kelele za mtandaoni.

Na msidhani ni lazima uwe na pesa za Ulaya ndipo ufanye jambo. Angalieni wenzetu wa Lamu. Mafundi wa majahazi, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, walichukua plastiki iliyookotwa fukweni na mitaani wakaunda nayo jahazi zima, wakalivisha patipati kuukuu za rangi rangi. Flipflopi ndilo jina lake. Mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar, likisimama njiani kuzungumza na watu. Ufundi ni ule ule wa mababu zetu, ila mbao zilikuwa zile taka tunazozipiga teke.

Sasa, nyinyi mfanye nini? Nataka mtoke hapa na mambo matatu, si thelathini.

La kwanza, wiki hii, fuata taka zako. Usitume mtu. Mtembee na mwenye mkokoteni mpaka pale anapozimwaga. Mpige picha mahali, sio yeye. Jua jina la mahali hapo. Ukishajua, huwezi tena kujifanya hujui.

La pili, ndoo mbili nyumbani. Na kwenye misikiti yetu pia. Ramadhani ikija, angalieni uani baada ya futari: chupa za maji nusu hazijanywewa, sahani za kutupa, vikombe. Tumefunga mchana kutwa tukajizuia na halali, kisha jioni twaacha nyuma yetu mlima. Tangu chuoni tulifundishwa kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika imani. Basi na kutokiweka hapo pia. Vijana wa msikiti wanaweza kuweka mapipa mawili na mtu wa kuyasimamia. Haihitaji kamati ya watu ishirini.

La tatu, kuwepo pesa zinapopangwa. Andikeni tarehe hizi kwenye simu. Kila mwaka kaunti hupeleka bungeni mpango wake wa maendeleo kufikia tarehe 1 Septemba. Mwelekeo wa matumizi, kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti, kufikia 30 Aprili. Wananchi ni haki yao kushirikishwa, na vikao huitishwa. Huko ndiko lori hupata mafuta au hukosa. Na kwenye vikao hivyo huwa kuna viti vitupu, kisha mwezi wa saba tunalalamika. Nendeni watano watano, kila mtaa. Mmoja aulize: pale pa kukusanyia taka pa mtaa wetu ni wapi, na pana pesa kiasi gani? Mwingine aulize: kituo cha kuchambua taka kinachotajwa na sheria ya 2022 kimefikia wapi? Ulizeni kwa upole, andikeni jibu, na mwaka ujao rudini na hilo jibu mkononi.

Nimalizie kwa yule ndugu wa pale mlangoni. Umesema vijana hawana vitambulisho. Kweli, na hatutaacha kulisema. Lakini angalia anayezungushwa kwa kitambulisho anaishi wapi. Mara nyingi ni huyo huyo ambaye lori la taka halimfikii, na mtaro wake umeziba. Anayeonekana hana thamani kwenye dirisha la ofisi ndiye anayeletewa jaa mlangoni. Kijana aliyejifunza kuuliza "taka zangu zimeishia wapi", akapata jibu kwa maandishi, kesho atajua kuuliza "faili yangu imeishia wapi". Ni mdomo mmoja, na ni kifungu kile kile cha 35.

Yule ami alingoja mwaka mzima aulizwe. Sasa huja kwetu Jumamosi na viatu vyake vya mpira, na akirudi hupita mlangoni kwangu aniambie, "Zimefika." Neno hilo tu. Mimi nalipenda kuliko salamu nyingi.

Wiki ijayo tukikutana hapa, nitamuuliza kila mmoja wenu: zako zimeishia wapi? Msije bila jibu.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.